Nani Aipandishe Bendera ya Usaranga

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu ambayo bibi zenu waliishonea gauni jipya, palikuwa na nchi iitwayo Usaranga. Wageni waliitawala nchi hiyo miaka sitini na minane. Walikuja, wakasimika mlingoti katika mji wa Mkalamo, wakapandisha bendera yao, wakasema hapa ni petu. Watu wa Usaranga wakasema si penu. Wakasema kwa barua, hawakujibiwa. Wakasema kwa migomo, wakafungwa. Wakasema, wakasema, wakasema, mpaka wageni wakachoka kusikia, wakatia saini. Uhuru ukapangwa Jumamosi, saa sita kamili mchana.

Najua mtaniuliza, mbona mchana? Wenzao walipewa uhuru usiku wa manane! Ni kweli, lakini mke wa Gavana alikuwa anaogopa mbu, na ndege yao ilikuwa inaondoka saa nane. Basi Usaranga ikapata uhuru wake juani, watu wakitoka jasho, na hakuna aliyelalamika.

Sasa katika mji huo alikuwako mwalimu wa shule ya msingi, Nyamizi Kalimanzila. Mfupi, mnene kidogo, na sauti yake iliweza kuwanyamazisha watoto mia nne paredini bila filimbi. Kamati ya Sherehe ilimpa kazi moja tu. Wengine walipewa ngoma, wengine viti, wengine ng'ombe kumi na wawili wa kuchinjwa. Nyamizi alipewa bendera. Aipokee, aitunze, aikabidhi kwa atakayeipandisha. Kazi nyepesi, au siyo? Hata mumewe alimtania, "Mwenzetu umepewa kazi ya kubeba kitambaa."

Kitambaa chenyewe kilikuwa kimeagizwa ng'ambo, kwenye kiwanda kikubwa cha bendera. Kililetwa kwa meli, kisha kwa treni, ndani ya kasha lililofungwa kwa misumari na mihuri. Amri ya Kamati ilisema kasha lisifunguliwe mpaka asubuhi ya siku yenyewe, lisije likatiwa mkono. Nyamizi akatii. Wiki nzima kasha likakaa chumbani kwake, mumewe akilala kwenye mkeka kwa sababu kasha lilikuwa limechukua kitanda.

Saa nne na nusu asubuhi ya Jumamosi, nyuma ya jukwaa, huku watu elfu hamsini wakiimba uwanjani, Nyamizi akang'oa msumari wa kwanza. Akang'oa wa pili. Akafunua karatasi laini, akashika pembe mbili za kitambaa, akakikung'uta.

Kasuku!

Bendera ya buluu, yenye kasuku mkubwa wa njano katikati, amefumbua mdomo kama anayemcheka. Mwaka ule, wasikilizaji, nchi zilikuwa zinajitawala wiki hii moja, wiki ijayo mbili, na kule kiwandani waliofunga makasha walikuwa wamechanganya. Bendera ya Usaranga ilikuwa imekwenda kwenye kisiwa fulani cha mbali, na bendera ya kisiwa hicho iko hapa mikononi mwa mwalimu. Nyamizi akakaa chini, kwenye vumbi, na gauni lake jipya.

"Mama yangu," akasema. "Mama yangu nimekufa."

Akainuka mbio kwenda kwa Mheshimiwa Malekela, aliyekuwa aapishwe kuwa Waziri Mkuu. Malekela alipoona kasuku alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kasuku bado yupo. Wakaenda pamoja kwa Gavana, naye akawasomea karatasi iliyotiwa saini. Karatasi ilisema mlingoti usibaki mtupu. Bendera ya wageni itashuka pale tu ambapo bendera ya Usaranga imefungwa tayari kupanda. Ikikosekana, sherehe itaahirishwa hadi tarehe itakayopangwa.

"Itapangwa na nani?" Malekela akauliza.

"Na serikali yangu," Gavana akajibu kwa upole mkubwa, akaitazama saa yake.

Mnaelewa maana ya hilo? Jukwaani walikaa wenye mashamba makubwa ya mkonge, ambao miaka yote walisema hawa bado hawajawa tayari, wapewe miaka kumi zaidi. Wangewaona Wasaranga wameshindwa hata kuleta kitambaa! Wangecheka mpaka machozi, na hiyo tarehe isingepangwa kamwe. Mtu akamwambia Nyamizi, si watoto wana vijibendera vya karatasi? Vilikuwepo, maelfu, vimebandikwa kwenye vijiti vya mafagio, kila kimoja kama kiganja cha mkono. Lakini nani angethubutu kufunga karatasi ya kiganja kwenye mlingoti wa futi sitini mbele ya macho ya dunia? Na kushona nyingine? Maduka yamefungwa, wenye maduka wako uwanjani na wake zao, na saa imeshapiga tano.

Nyamizi akapiga moyo konde. Hakumuuliza mtu. Alipanda jukwaani, akaukamata mkono wa kipaza sauti, na kwa sauti ile ya paredini akasema:

"Ndugu wananchi! Bendera yetu haikufika! Kama kuna mtu yeyote, popote alipo, anayeweza kutupatia bendera ya Usaranga sasa hivi, naapa mbele yenu wote: mtu huyo ndiye atakayeipandisha kwa mkono wake. Yeye peke yake! Picha yake ndiyo itakayokaa kwenye vitabu vya shule, watoto wa watoto wetu waijue!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Ngoma zikanyamaza. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyelia, naye alikuwa na shida zake.

Kisha, upande wa kusini, watu wakaanza kupisha. Kulikuwa na mtu anakuja. Na watu walipomtambua, badala ya kushangilia wakaanza kuzomea. Alikuwa Koplo Ndimbo wa polisi, katika sare ya wageni, kaptula imenyooshwa kwa wanga, vifungo vinang'aa. Koplo Ndimbo! Mkalamo nzima ilimjua kwa jina na kwa fimbo. Akatembea katikati ya mazomeo hadi mbele ya jukwaa, akamwambia Nyamizi, "Mwalimu, niwie radhi, nitavua shati mbele ya watu."

Akafungua vifungo. Akavua mkanda. Na tumboni, wasikilizaji, alikuwa amejizungusha kitambaa, mzunguko juu ya mzunguko, kama mama aliyejifungua jana anavyofungwa tumbo. Akashika ncha, akaanza kuzunguka, na kitambaa kikaanza kufunguka. Kijani! Kikazidi kufunguka. Nyeupe! Kikazidi. Nyekundu! Bendera ya Usaranga, kubwa, dhiraa sita, ile ya kwanza kabisa ambayo watu walidhani polisi waliichoma moto miaka minne iliyopita. Ilikuwa na madoa ya jasho, nyekundu imepauka kidogo, lakini ilikuwa yenyewe. Uwanja ukalipuka! Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mke wa Gavana akaziba masikio, na Nyamizi akamkumbatia koplo kifua wazi, akisahau kwamba dakika moja iliyopita naye alikuwa anamzomea.

"Mwalimu, ahadi ni ahadi," Ndimbo akasema. "Mnipe kamba."

"Ngoja!"

Sauti ya mwanamke. Akatoka Bi Tatu Mkegani, fundi cherehani wa soko la Mkalamo, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitambaa, akageuza upindo, akaonyesha kwa kidole.

"Mwanangu Nyamizi, tazama hapa pembeni. Mshono unakwenda, unarudi, unakwenda tena. Fundi gani mjini hapa anamaliza upindo namna hii? Ni mimi. Mwaka ule walipiga marufuku mtu kununua kitambaa chekundu na cha kijani pamoja, wenye maduka wakaamriwa waandike majina. Sikununua. Nyekundu hii ni nguo yangu ya harusi. Kijani hii ilikuwa pazia la mlango wangu. Na hii nyeupe ni kanzu ya marehemu mume wangu, niliyokuwa nikiinusa kila Ijumaa. Nimekata kanzu ya mume wangu, jamani! Huyu koplo amekuja na nini? Amekuja na tumbo lake. Bila mimi angejifunga hewa."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nyamizi naye akaona, kweli, mama huyu ana haki. Akaanza kumpelekea kamba. Lakini kabla hajapiga hatua tatu akasikia mtu anagonga ubao wa jukwaa kwa mkongojo.

Alikuwa Lubango, mchora mabango ya maduka, ametoka kifungoni mwezi uliopita tu. Alichechemea, maana miaka minne ya kupasua mawe ilikuwa imemla goti.

"Bi Tatu, shikamoo," akasema kwa heshima.

"Marahaba."

"Ulishona, sikatai. Ulishona nini? Nani alikwambia nyekundu ikae chini, kwa sababu ndiyo udongo wa Usaranga na sisi tumesimama juu yake? Nani alikwambia kijani ikae juu, kwa sababu migomba yetu inatuzidi urefu? Nani aliweka ule mstari mwembamba mweupe wa unga wa mtama katikati? Nilichora hivyo nyuma ya bango la duka la sukari, nikakuletea limefungwa kwenye gunia. Kabla sijachora, Usaranga haikuwa na rangi. Wakanikamata kwa mchoro huo. Watu elfu hamsini mko hapa. Ni yupi kati yenu alifungwa kwa ajili ya bendera hii? Nionyesheni mmoja!"

Hakuna aliyejitokeza. Uwanja ukaanza kuimba, "Lu-ba-ngo! Lu-ba-ngo!" Nyamizi akasimama na kamba mkononi. Alikuwa ameahidi mtu mmoja, sasa ana watatu. Gavana akanyanyua vidole kumi: dakika kumi.

Nyamizi akafanya kile ambacho kila mwalimu hufanya watoto wakigombea mpira. "Basi vuteni wote watatu! Mtaenea!"

"Na huyu?" Lubango akamnyooshea Ndimbo mkongojo. "Mwalimu, mkono ule ulinichapa viboko ishirini na vinne. Nilivihesabu. Siwezi kushika kamba moja na mkono ule. Siku ya uhuru nishike kamba na mkono ule? Afadhali nirudi kupasua mawe."

Ndimbo akainamisha kichwa, kisha akakiinua. "Nilikuchapa. Nimekichapa kijiji hiki na kile, na sina cha kujitetea, nilikuwa nalisha watoto sita. Lakini semeni yote! Mwambie Bi Tatu, kiboko cha ishirini na nne kilipotua ulisema nini!"

Lubango akakazia macho ncha ya mkongojo wake.

"Hasemi. Nitasema mimi. Alisema, 'Bendera iko kwa Tatu Mkegani, sokoni, ndani ya godoro.' Nikatumwa mimi kuipekua nyumba. Nikaikuta. Ndani ya godoro, kama alivyosema. Nikaifunua nimpelekee Inspekta, na mara, sijui niseme nini, nikaona ni nzuri. Nimesimama chumbani kwa mjane, fimbo kwapani, nalia. Nikajifunga tumboni, nikatoka, nikasema sikuona kitu. Miaka minne nimeivaa! Wenzangu wananiita Kitambi. Mke wangu amenipeleka kwa waganga watatu. Kila asubuhi nimepiga saluti kwa bendera ile ya juu huku hii iko hapa, inaniwasha. Wangeniona wangeninyonga. Sikuichora, sikuishona. Lakini ingekuwa majivu, na leo mngempigia makofi kasuku."

Bi Tatu alikuwa amemgeukia Lubango. Hakupaza sauti, na ndiyo maana kila mtu alimsikia.

"Ulinitaja?"

"Dada yangu, nilivumilia ishirini na tatu," Lubango akasema, na machozi yakamtoka mtu mzima yule hadharani. "Naapa nilivumilia ishirini na tatu."

"Walichukua cherehani yangu. Haikupatikana bendera, lakini cherehani waliichukua hata hivyo. Nikashindwa kulipa ada za wanangu. Nilijiuliza miaka minne ni nani, ni jirani, ni shemeji, nikawanunia wasio na hatia. Kumbe ni wewe." Akamgeukia Nyamizi. "Mpe kamba yeyote mwingine, huyu usimpe."

Lubango akafuta uso kwa kiganja. Alikuwa ameumia, na mtu akiumia hutafuta wa kuumia naye. "Haya. Na cherehani yako ilirudije, Bi Tatu? Uwaambie na hilo. Nilikuwa nikiyapasua mawe chini ya ukuta wa ikulu, nikakuona ukiingia na kutoka. Walikurudishia cherehani ili uwashonee wao. Bendera ya wageni huchanika kwa upepo kila baada ya miezi mitatu, na kila ilipochanika, nani aliyeshona mpya?" Akanyoosha mkongojo juu, futi sitini. "Ile pale, iliyopo juu yetu sasa hivi, ni mshono wa nani?"

Watu elfu hamsini wakatazama juu. Bi Tatu hakutazama. Alijua mshono wake.

"Wangu," akasema. "Nilikuwa na watoto wanne. Chama cha kudai uhuru kilikuja mwaka jana kuniomba nishone nyingine ya siri, nikawaambia mimi sijui bendera. Niliogopa. Ndiyo, ile ni yangu, na hii ni yangu. Lakini ile nililazimishwa, na hii nilipenda. Mtu ahukumiwe kwa alichopenda."

Basi uwanja ukagawanyika. Upande huu unaimba Lubango, upande ule unaimba Mama Tatu, na ajabu ya siku hiyo, wale waliokuwa wakizomea ndio waliokuwa sasa wakipiga kelele, "Kitambi! Kitambi! Mpe Kitambi!" Watu wakaanza kusukumana. Wenye mashamba ya mkonge jukwaani wakaanza kutabasamu na kunong'onezana, na Nyamizi aliyaona matabasamu yale moja baada ya jingine, kama anavyoona watoto wanaonakili mtihani. Akakimbilia kwa Malekela.

"Mheshimiwa, amua. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu tu."

Malekela alikuwa mwanasiasa mzuri. Alitazama upande huu, akaona kura. Akatazama upande ule, akaona kura. "Mwalimu Nyamizi," akasema kwa upendo, "mimi nina imani kubwa na wewe. Ahadi uliitoa wewe. Itimize wewe."

Gavana akanyanyua vidole vitatu.

Nyamizi akarudi chini ya mlingoti. Hasira zilimpanda, furaha ilimpanda, hofu ilimpanda, vyote kwa pamoja. Akaifunga bendera kwenye kamba, fundo la juu, fundo la chini. Ilinuka jasho la mwanamume, na chini ya jasho, au ni mawazo yake tu, ilinuka sabuni ya kanzu ya zamani. Alikuwa anataka nchi. Alikuwa amezaliwa chini ya bendera ile ya juu, akafundisha chini yake, akazika baba yake chini yake, na sasa zimebaki dakika tatu, na nchi imesimama ikimsubiri achague mkono.

Wa kwanza alisimama kulia: ameipa nchi rangi zake, amefungwa kwa ajili yake, kisha akamtaja mwenzake. Wa pili alisimama katikati, amekata kanzu ya marehemu, kisha akawashonea wageni. Na wa tatu alikuwa kushoto, kifua wazi, aliyechapa watu kwa mkono wa kulia na kuiokoa bendera kwa mkono wa kushoto. Kila mmoja alikuwa amenyoosha kiganja. Hakuna hata mmoja aliyekirudisha.

Mpiga picha akapiga goti. Bendi ikainua tarumbeta. Askari wa mzinga akawasha utambi.

Bendera ilipanda, wasikilizaji, hilo lisiwatie wasiwasi. Mzinga ulilia, watu wakaruka, wakalia, wakabebana mabegani, na wenye mashamba wakatafuta kofia zao. Usaranga ikawa huru saa sita kamili, hata sekunde haikupotea. Na picha ipo hadi leo katika kitabu cha darasa la tatu, mkono mmoja tu juu ya kamba, na watoto wanafundishwa kwamba mwenye mkono huo ndiye aliyetupa bendera. Mimi nimeiona picha hiyo. Lakini nikiwaambia ni mkono wa nani, mtaukubali kwa sababu mmeusikia, na mimi sitaki mkubali. Nataka mgombane kama tulivyogombana sisi.

Basi wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe unayetikisa kichwa, na wewe mama unayejifanya umeshajua: kamba iko mkononi mwako, uwanja mzima unapiga kelele, na utambi wa mzinga unaungua. Je, utampa nani?